Kijiti cha Kusikilizia Mashine

Jumanne, tarehe kumi na tisa Novemba. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na hadi karakana inafunguliwa ilikuwa bado inayapiga mabati kwa nguvu ile ile, bila upepo wala radi. Barabara ya mbele iligeuka mfereji. Mbao zilizoegemezwa ukutani zilianza kunywa unyevu kwenye ncha, na gundi ilikataa kukauka.

Mafundi wengi huichukia mvua ya namna hiyo. Fundi Sikio aliipenda, ingawa hakupata kumwambia mtu kwa nini. Chini ya bati, siku ya mvua, kila mtu ni kiziwi. Watu husogeleana, hupaza sauti, huonyeshana kwa vidole, na anayesema "Nini? Hebu rudia" hana la kuonea aibu.

Jina la Sikio alilipata ujanani, alipokuwa bado fundi wa kuajiriwa. Alikuwa na kijiti cha msaji, kirefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kilicholainishwa kwanza na msasa na baadaye na jasho la miaka. Ncha moja aliigusisha kwenye mashine inayozunguka, pale inapokaa beringi, ile pete yenye gololi inayobeba mhimili. Ya pili aliiweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Akishafumba macho, mashine ilimweleza habari zake: grisi imekauka, gololi moja imechubuka, mkanda umekazwa kupita kiasi. Watu walitoka karakana za mbali kuja kumwomba awasikilizie mashine kabla hawajazinunua. Walitania kwamba Sikio huijua mashine inayoumwa kabla yenyewe haijajijua.

Kilichomwondokea kiliondoka polepole, kama maji katika mtungi wenye ufa. Walianza ndege wa juu ya paa. Ikafuata simu ya mfukoni, kisha sauti ya mkewe akiita kutoka jikoni. Sauti nene bado alizipata. Nyembamba zilikuwa zimekwenda zake. Alijifunza kutazama midomo ya watu. Alijifunza kucheka wenzake wanapocheka. Meza yake ya kazi ilitazama ukuta tangu karakana ilipojengwa, mgongo wake ukiwa mlangoni, na wateja waliosimama nyuma yake wakapiga hodi bila kujibiwa walianza kusema kwamba Fundi Sikio siku hizi anaringa. Maneno hayo yalimuuma, lakini aliyaacha yasemwe. Aliona afadhali aitwe mwenye maringo kuliko ajulikane kuwa kazi imemziba masikio, maana sikio ndilo lililokuwa jina lake.

Karakana ilikuwa ya watu watatu. Wa pili alikuwa binti yake mkubwa, aliyesoma useremala chuoni kisha akausoma upya kwa baba yake, na ambaye mkono wake kwenye mashine sasa ulikuwa mtulivu kuliko wa mzee. Wa tatu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye sehemu yake katika biashara ile. Shemeji ndiye aliyetafuta wateja, na kwa kazi hiyo Mungu alimpa mdomo wa kutosha watu wawili.

Mwezi wa Oktoba randa yao ya meza iliwafia. Hiyo ni mashine ambayo karakana haiwezi kuishi bila kuwa nayo: meza ndefu ya chuma iliyokatwa katikati, na katika mwanya huo kuna ngoma yenye visu vitatu, inayozunguka kwa kasi hata jicho huona kivuli tu. Fundi husukuma ubao kwa viganja viwili juu ya visu, navyo huulamba upande wa chini mpaka unyooke. Kati ya kiganja na visu hakuna kingine ila ubao.

Binti alitaka wanunue mpya. Alikuwa ameiona dukani, ina dhamana ya mwaka mzima na vipuri vyake viko rafuni, mtu anaingia na kutoka navyo. Walikwenda wote watatu kuitazama. Fundi Sikio aliisukuma kwa goti, ikayumba. Miguu ilikuwa ya bati lililokunjwa, na meza yake nyepesi kama sinia.

"Hii ukiilisha msaji," alisema, "itaomba ruhusa ikapumzike nyumbani."

Shemeji alicheka hadi mwenye duka akawatolea macho. Binti hakucheka. Alisema angalau hii wanajua ilikotoka, na ikiharibika wanajua mlango wa kugonga.

"Kipya kinyemi, mjomba," shemeji alimjibu mpwa wake, maana waliitana hivyo wote wawili, "ingawa kidonda."

Yeye alikuwa keshapata habari zake. Kuna kiwanda cha samani kilichofungwa, na mashine zake zimekabidhiwa dalali. Randa iliyokuwepo huko ilikuwa ya chuma cha kalibu, kile cha kumiminwa, ya zamani, nzito kama kaburi. Mashine ya namna hiyo haitikisiki. Ubao hutoka umenyooka hata kama ni mgumu kama jiwe. Hapo Fundi Sikio alikuwa upande wa shemeji yake, na kwa haki. Mwenye kujua mbao hupenda chuma kizito.

Siku ya kwenda kuinunua, binti alibaki kumalizia viti vya mteja. Alimfuata baba yake hadi nje. "Isikilize vizuri, baba," alimwambia. "Na usimsikilize mjomba."

Walipofika, dalali alikuwa ameshaiwasha. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, na ile kinga inayofunika visu haikuwepo. Jengo lilikuwa tupu. Dalali na shemeji walinyamaza, kama ndugu wa mgonjwa wanaomngoja daktari aondoe kipimo kifuani. Fundi Sikio akatoa kijiti, akakiweka mahali pake, akafumba macho.

Hakusikia kitu. Haikuwa kwamba alisikia mashine iliyo nzima. Hakusikia kitu chochote. Alichopata ni mtetemo mdogo mfupani, laini, na akajiambia kwamba mashine mbovu hutetemeka. Lakini hata alipokuwa anajiambia hivyo alijua kwamba chuma kizito humeza mtetemo, na kwamba hiyo ndiyo sababu watu hukinunua. Angeweza kusema aitwe binti. Angeweza kusema mashine izimwe, wafungue kifuniko, wazungushe ngoma kwa mkono. Watu wawili walikuwa wakimtazama usoni. Akafumbua macho.

"Safi," alisema.

Kwa neno hilo moja randa ilipakiwa garini. Kwa majuma kadhaa ilifanya kazi ambayo hata binti aliisifu. Alitengeneza kinga mpya ya mbao, akaikaza vizuri, na akakiri mbele ya mjomba wake kwamba ubao unatoka kama kioo. Shemeji alitembea na maneno hayo mtaa mzima.

Basi Jumanne hiyo ya mvua walikuwa na kazi ya milango ya wodi ya wazazi katika zahanati. Ya zamani ililiwa na mchwa, na kina mama walikuwa wakijifungua nyuma ya shuka zilizotundikwa. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe karakana, hakutuma mtu, akaomba kwa upole, na shemeji akamwahidi papo hapo. Gari la zahanati lingekuja saa kumi na moja jioni. Binti alikuwa kwenye randa, shemeji akipokea mbao upande wa pili, Fundi Sikio akichonga ndimi za kuunganishia kwenye meza yake, mgongo mlangoni. Juu yao mvua, na wote watatu walipigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Saa nne hivi mvua ilikatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga bomba.

Fundi Sikio alilijua hilo kwa kuona mwanga umebadilika sakafuni. Aligeuka. Binti alikuwa amesimama, ubao mkononi, shingo ameipinda kidogo. Macho yake hayakutazama kitu. Ni mwinamo alioujua. Ulikuwa wake yeye mwenyewe, wa kusikilizia mashine. Kisha midomo ya binti ikasema, "Baba, unaisikia hiyo?"

Kijiti kilikuwa katika mfuko mrefu wa aproni yake. Hakukigusa.

"Naisikia," alisema. "Ni mkanda. Umelegea kwa huu unyevu."

Binti akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyolelewa: jambo likishafika kwenye sikio la baba, limekwisha. Alizima, akaukaza mkanda, akawasha tena. Akainamisha shingo mara nyingine, akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa ameshageukia ukuta.

Kutoka hapo hakufanya kazi ya maana. Alichonga ulimi mmoja mara mbili, ukawa mwembamba, akautupa. Kila ubao ulipogusa visu aliupata kwa miguu, kupitia sakafu, na kila mara alijikuta ameshikilia pumzi mpaka upite. Hatimaye aliweka patasi chini, akazunguka upande wa pili wa mashine kama mtu anayetafuta kitu, akakiweka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ilikuwa na joto. Mashine yoyote inayofanya kazi hupata joto, akajiambia. Akaondoka. Akarudi. Safari hii hakuweza kukiacha kiganja pale, kwa moto. Harufu ya msaji ilikuwa imejaa karakana, tamu na nzito, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya grisi inayoungua.

"Shemeji, unaipapasa au unaibariki?" yule mwingine alimpigia kelele. "Dada yangu asije akasikia wivu."

Binti alicheka, mikono ikiwa juu ya ubao. Baba alicheka pia, kwa kuwa aliona meno yao.

Zilikuwa zimebaki mbao pana, zile za sehemu ya chini ya milango. Ubao mpana hushikwa tofauti. Viganja hulala bapa juu yake, na kinga husogezwa pembeni ili kuupisha. Binti aliweka wa kwanza, akaanza kusukuma. Fundi Sikio alikuwa bado upande ule wa beringi, na kutoka hapo tu ndipo angeweza kuiona: cheche moja, ndogo, nyekundu, kwenye ukingo wa meza ya chuma. Pale hapana chuma kinachotakiwa kugusana na chuma. Ngoma ilikuwa imeanza kushuka.

Hakukumbuka baadaye alivyozunguka mashine. Alikumbuka swichi chini ya kiganja chake na ngoma ikipunguza mwendo, polepole mno, mpaka visu vikaonekana kimoja kimoja. Binti alikuwa amerudi nyuma, mikono hewani.

"Nini tena?" shemeji aliuliza.

"Beringi imekwisha. Ubao wowote usipite hapa."

Shemeji alifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, lakini gari lilikuwa njiani na muuguzi alikuwa ameahidiwa. Alianza kwa utaratibu. Alisema asubuhi waliambiwa mkanda, mkanda ukakazwa. Sasa ni beringi. Fundi Sikio alijibu kwamba ameona cheche. Shemeji akasema huenda ni kokoto iliyojificha ndani ya ubao, mbao za mvua huokota kila kitu.

"Mashine hii uliisikiliza mwenyewe," aliendelea, na sasa utaratibu ulikuwa umemwisha. "Kijiti sikioni, nami shahidi. Ukasema safi. Leo imesikilizwa tena, mkanda. Baada ya saa mbili, beringi. Shemeji, tukuamini lini?" Akaunyoosha mkono, akawasha. "Zimebaki mbao chache, mjomba. Sukuma tumalize."

Ngoma ikapanda kasi. Binti hakusukuma, lakini hakuondoka pia. Aliweka viganja juu ya ubao, akamgeukia baba yake, akasema kwa midomo iliyo wazi.

"Sauti ni ile ile ya asubuhi. Ile uliyosema ni mkanda. Ndiyo hiyo ya beringi, au siyo?"

Lilikuwa swali dogo. Mtu yeyote aliyesimama pale angeweza kulijibu, hata mpita njia. Yeye peke yake ndiye hakuweza. Angeweza kubahatisha tena, na safari hii huenda angebahatisha sawa, binti angeondoa mikono, na jina lake lingebaki palepale lilipokuwa. Aliitazama ile mikono. Kidole cha kati cha kulia kilikuwa na kovu la patasi alilolipata utotoni, siku ya kwanza aliyomruhusu kushika chombo.

"Sijui," alisema. "Sijaisikia."

Shemeji aliuliza hajaisikia nini.

"Leo asubuhi sikuisikia. Kule kiwandani pia sikuisikia. Sisikii, shemeji. Ni muda sasa."

Akakitoa kijiti mfukoni. Hakikuwahi kushikwa na mtu mwingine sikioni. Alimwondoa binti kwenye ubao, akamvuta upande wa beringi, akampa. "Weka hapo. Ile ncha nyingine hapa, kwenye mfupa. Funga macho."

Yeye hakuyafunga yake. Alikuwa akimtazama usoni, na huko ndiko alikoisikia mashine. Kwanza uso ulitulia. Kisha nyusi zikakaribiana. Kisha mdomo ukapinda kama wa mtu aliyeng'ata kitu kibaya, na binti akakirudisha kijiti nyuma kwa ghafla kana kwamba kimemchoma.

"Inasaga," alisema. "Kama mtu anatafuna changarawe."

Safari hii shemeji ndiye aliyezima.

Waliifungua. Mkanda ukatoka, kifuniko kikatoka. Ndani ya beringi grisi ilikuwa nyeusi na nzito kuliko kawaida, na binti alipoisugua kati ya vidole alikuta imechanganywa na unga laini wa mbao. Ni ujanja wa zamani. Beringi iliyokwisha ukiishindilia uji wa namna hiyo hunyamaza kwa majuma kadhaa, inatosha mnunuzi aondoke na mzigo wake. Walipoifuta, waliona gololi moja imepasuka, na kile kizimba kinachozitenga kimevunjika vipande. Kwenye ukingo wa meza palikuwa na mstari mpya unaong'aa, mahali kisu kilipoanza kula chuma. Binti aliutazama ule mstari, akaficha mikono ndani ya aproni.

Shemeji alichuchumaa muda mrefu. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimlaani dalali, yeye na ukoo wake wote, akampigia simu, hakupatikana. Kisha akamshika shemeji yake begani.

"Hii imetiwa dawa ili inyamaze," alisema. "Hata mwenye masikio kumi angedanganyika. Basi huna kosa, bwana. Tusiongee tena."

Ulikuwa mlango ulioachwa wazi, na Fundi Sikio aliuona. Angeweza kupita hapo akatoka salama. Huenda ilikuwa kweli. Huenda hata sikio lake la ujana lisingeusikia ugonjwa ule chini ya uji ule wa unga. Hatajua kamwe.

Binti alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kununua ni bahati nasibu, mjomba," alisema. "Kilichotumika, kipya, vyote. Siulizi habari za kiwandani." Akaja akasimama mbele ya baba yake, uso kwa uso, akasema taratibu na wala si kwa kelele. "Leo asubuhi nilikuuliza. Ukanijibu."

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilikujibu."

Binti hakumdai neno jingine. Alirudi kwenye mashine, akaiinamia, akazungusha mhimili wa ngoma kwa mkono. Baadaye alisema kwamba mhimili haujaumia. Zikipatikana beringi mpya za pande zote mbili, na visu vikapangwa upya, chuma hiki kitawazika wote. Hakuwa mtu wa kuchukia kitu kwa sababu ya aliyekiuza.

Shemeji alimpigia muuguzi mkuu. Alimweleza bila kuzunguka, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba leo itatoka miwili tu, na muuguzi akanung'unika, kisha akasema milango miwili usiku wa leo ni bora kuliko shuka. Wakachukua randa za mkono. Mbao pana za msaji zilinyooshwa kwa misuli, watatu meza tatu, maranda yakiwafika vifundoni, na saa kumi na moja gari lilipokuja milango miwili ilikuwa tayari, haijapakwa kitu, lakini imenyooka. Mchana wote huo binti alipotaka kumwambia baba yake jambo alikuja kwanza mbele yake.

Nyumbani mkewe alimtazama akinawa, akajua. Alimwekea chakula, akaketi kitako mbele yake. Fundi Sikio alimweleza yote, kutoka neno lile la kiwandani hadi cheche. Mke hakushangaa. Ndipo alipofahamu kwamba kwa miaka miwili karibu mwanamke huyu alikuwa akizunguka meza kila anapotaka kusema naye, na yeye alidhani ni mazoea tu.

"Kumbe ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu hasikii," mkewe alisema, "unamwambiaje kwamba hasikii, akasikia?"

Alicheka, na safari hii hakungoja kuona meno ya mtu. Kisha alicheka tena kidogo tu, akaacha, kwa kuwa viganja vya binti yake vilimrudia machoni, vimelala bapa juu ya ubao. Mkewe alisema kuna daktari wa masikio hospitali ya wilaya, siku za Ijumaa. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua, na wewe umenusurika, umeumbuliwa na beringi. Fundi Sikio alisema watakwenda.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, mbingu ilikuwa safi na udongo wa barabara ukifuka mvuke. Fundi Sikio alifungua karakana kabla ya wenzake. Hakuigusa randa, iliyokaa pale wazi, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti. Alikwenda kwenye meza yake ya kazi, akaondoa patasi, tupa, kopo la gundi na jiliwa la kubania mbao, akaviweka chini ukutani. Meza ilikuwa nzito, aliitengeneza mwenyewe isisogee. Akaishika ncha moja akaizungusha, akaenda ncha ya pili akaizungusha, akapumzika, akaanza tena, mguu kwa mguu, sakafu ikichubuka. Mahali ilipokaa miaka yote paliachwa na alama za miguu minne, nyeupe kama mahali pa bandeji. Alipomaliza, meza ilikuwa imeutazama mlango. Akavirudisha vyombo, akasimama nyuma yake, akaona barabara yote.

Binti alitokea jua likiwa limeshapanda kidogo, aproni begani, kijiti kikichungulia mfukoni. Alisimama kizingitini, akaitazama meza, akazitazama zile alama za sakafuni. Hakupiga hodi. Aliinua mkono, na baba yake akauona, akainua wake.